Kidoti na Maneno ya Watu

Barua ililowa njiani, kwa hiyo Bibi aliipiga pasi.

Hakukaa akafikiri. Mikono yake ilikuwa imepiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na tisa, na kitu chochote kilichokunjamana kikifika mbele yake, mikono ilijua la kufanya kabla ya kichwa. Aliitandaza karatasi juu ya meza, akaifunika kwa kitambaa cheupe, akapitisha pasi polepole, mara moja, mara mbili. Muhuri wa shule ukajitokeza vizuri, wa bluu, mviringo. Ndipo akavaa miwani, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma huku midomo ikicheza.

Barua ilisema kwamba mwanafunzi huyu wa darasa la kwanza amekuwa na tabia ya kuwadhihaki walimu na wageni wa shule kwa kugeza maneno yao. Mzazi afike ofisini Alhamisi saa nne kamili asubuhi, atie sahihi, kisha mwanafunzi aondolewe.

Bibi akavua miwani. Akamtazama mjukuu wake aliyekuwa amekaa mkekani, anapambana na soksi.

"Kidoti," akamwita. "Umemdhihaki nani, mama?"

"Umemdhihaki nani, mama?" akasema Kidoti.

Alisema kwa sauti ya Bibi. Si maneno tu, la, na ule mkwaruzo wa uzee, na ule mvuto mdogo mwishoni ambao Bibi mwenyewe hakujua kama anao mpaka mjukuu alipoanza kusema. Mtoto alikuwa na miaka sita na doa jeusi shavuni, ndilo lililompa jina. Ukimwambia jambo, alikurudishia kama ulivyompa, halipungui herufi.

Mtaani walimwita majina. Mwenye duka alimwita Redio. Watoto wa uani walimwita Kasuku, wakamfuata nyuma wakimwambia maneno ya aibu ili ayarudie, kisha wakimbie wakicheka. Bibi alikuwa na jibu moja kwa wote: "Redio nunua yako. Huyu ana kwao."

Maana Bibi alijua jambo ambalo wengine hawakukaa wakalisikiliza. Kidoti hakurudisha maneno tu, aliyaweka pia. Akiona kiu hakusema anataka maji. Alikuja akasimama mbele yako akasema, "Polepole, usimwage," kwa sababu ndivyo anavyoambiwa kila akipewa kikombe. Taa zikizimika, akiogopa, alisema, "Zitarudi sasa hivi, kaa hapa." Bibi alikuwa ameyajua hayo moja baada ya jingine, miaka mitatu, kama mtu anavyojua funguo za nyumba yake gizani.

Saa kumi na moja jioni mlango ukafunguliwa. Kidoti akaruka kutoka mkekani.

"Asante kwa kupiga simu, nikusaidie nini?" akapaza sauti, na uso wote ukang'aa.

Hiyo ilikuwa salamu ya mama yake. Mama Kidoti alifanya kazi ya kupokea simu za wateja, chumba cha watu arobaini, kila mmoja na kisemeo mdomoni, na kutwa nzima alisema maneno yaliyobandikwa ukutani mbele yake. Wakati mwingine, kwa kuchoka, aliyasema hata akigonga mlango wa kwao.

"Usianze," akasema Mama Kidoti, akiweka mkoba chini.

"Usianze," akasema Kidoti.

Bibi akampa bintiye karatasi. Mama Kidoti akaisoma amesimama, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Akaisoma tena. Kisha akaigeuza, akaipapasa.

"Mama, umeipiga pasi?"

"Ililowa."

"Barua ya kumfukuza mtoto shule, wewe unaipiga pasi!"

"Sasa ningeiacha na makunyanzi ndiyo isifukuze?"

Mama Kidoti hakucheka. Alichukua simu, akaenda dirishani, akampigia mwalimu wa darasa. Bibi akakaa kitako kusikiliza, na japo sauti ya upande wa pili haikumfikia, hakukosa kitu. Kazini kwao Mama Kidoti walikuwa wamefundishwa kurudia lalamiko la mteja kabla ya kulijibu, ili mteja ajue amesikilizwa, na mazoea yakishaingia mdomoni hayatoki.

"Nimekuelewa, mwalimu. Umesema mkaguzi wa shule alikuja Jumatatu... akaingia darasani, akakohoa, hm-hm, akasema watoto hamjambo... Na watoto wote wakajibu hatujambo, isipokuwa Kidoti... Kidoti akakohoa, hm-hm, akasema watoto hamjambo... Mkaguzi akauliza, nani huyo. Kidoti akasema, nani huyo... Mkaguzi akasema, simama... Akasimama, lakini na yeye akasema simama... Ndiyo. Umesema darasa zima lilikuwa chini kwa kicheko... Mkaguzi akauliza mtoto huyu anafunzwa adabu na nani. Na Kidoti akamuuliza hivyohivyo. Nimekuelewa, mwalimu. Asante kwa..."

Akajishika. Akakata simu.

Bibi alikuwa ameuma upindo wa kanga, mabega yakimtikisika.

"Mama, unacheka?"

"Sicheki, mwanangu. Ile hm-hm tu ndiyo imenishinda."

Mama Kidoti akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa binti mwenye uso mgumu mchana, lakini jioni uso ule ulilegea wote kwa mara moja, kama kamba iliyofunguliwa fundo.

"Hujaelewa, mama. Wataliandika neno hili kwenye faili lake. Anadhihaki. Kila shule nitakayogonga, watafungua faili kwanza kabla hawajamtazama mtoto. Nani atampokea mtoto wa miaka sita anayewadhihaki wakubwa? Atakaa hapa na wewe akikua, hajui kusoma, watu wakimwita Redio mpaka azeeke." Akamgeukia mtoto. "Kuanzia leo humu ndani hakuna kurudia. Umesikia?"

"Humu ndani hakuna kurudia. Umesikia?" akasema Kidoti, kwa sauti ileile kali, na kidole kimesimama vilevile.

Mama yake akajifunika uso kwa viganja.

*

Kesho yake Bibi alikwenda na ile barua kazini, ameiingiza kifuani. Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa kimejaa mvuke, na mashuka yalitoka mashineni yamesokotana kama utumbo. Bibi alisimama upande mmoja wa meza ndefu. Upande wa pili alikuwa Mama Vifungo, ambaye kazi yake ilikuwa kushona vifungo vilivyong'oka kwenye makoti ya madaktari, na kazi yake ya pili, asiyolipwa, ilikuwa kujua mambo ya watu.

"Shoga, leo umepiga pasi shuka moja mara tatu," Mama Vifungo akasema. "Ama limekukosea?"

Bibi akatoa barua. Mama Vifungo akaisoma kwa sauti ya chini, sindano imeshikwa na meno. Alipofika mwisho akaitoa sindano.

"Looh! Kudhihaki! Hili neno zito hili, wamelibeba wangapi mpaka likafika kwenye karatasi?"

"Mimi nilidhani kudhihaki na kuiga ni mamoja."

"Mamoja wapi! Kuiga ni kuona kitu cha mwenzio kizuri, na wewe ukakitaka. Kukariri ndiko tulikofanyishwa sisi, fimbo juu ya meza, mbili mara mbili. Kugeza ni kuchukua cha mtu ukakipindapinda ili watu wacheke. Sasa kudhihaki..." Mama Vifungo akatikisa kichwa. "Kudhihaki, hapo unakuwa umeshamtemea mtu mate, bado kumpangusa tu."

"Kidoti hapindi kitu. Anarudisha kama kilivyo."

"Ndilo kosa lake, shoga. Wakubwa hawapendi kurudishiwa." Akakata uzi. "Nisikilize. Mtu mkubwa ukimwomba radhi hupoa. Mfundishe mtoto kuomba radhi. Maneno mawili tu. Si anashika maneno? Basi mshikishe hayo."

Bibi akasimama na pasi hewani. Ilikuwa kama mtu amemfungulia dirisha.

"Umesema kweli," akasema. "Hakuna mtoto anayeshika maneno kama huyu."

*

Alianza mchana uleule. Alimkalisha Kidoti kwenye kigoda, akajiweka sawa mbele yake.

"Nisamehe, mwalimu, sitarudia tena."

"Nisamehe, mwalimu, sitarudia tena," akasema Kidoti.

Mara ya kwanza tu, safi kabisa. Bibi akapiga makofi. Akamwambia tena, akarudisha tena. Alipokuwa anaosha vyombo akamwambia, alipokuwa anamvua nguo za shule akamwambia, na kila mara mtoto alijibu bila kukosea, kwa upole mwingi, na kichwa ameinamisha kama Bibi alivyokiinamisha. Mama yake aliporudi Bibi akamwonyesha.

"Msikie sasa. Nisamehe, mwalimu, sitarudia tena."

"Nisamehe, mwalimu, sitarudia tena."

Mama Kidoti akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu barua iingie. Akamshika mtoto shavu, penye doa. "Hivyohivyo, mama. Kesho useme hivyohivyo."

"Kesho useme hivyohivyo," akasema Kidoti.

Walilala na matumaini. Wanawake wawili wazima, mmoja kutwa anarudia maneno ya ukutani, mwingine anayejua kila neno la mjukuu wake, na hata mmoja wao hakujiuliza: kesho, ofisini, nani atakayeanza?

*

Alhamisi saa tatu na nusu walikuwa wameshafika. Mama Kidoti aliomba ruhusa ya saa mbili kwa msimamizi wake, naye akampa huku akitazama saa. Alivaa viatu vya kisigino. Bibi alivaa nguo iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama makali ya kisu.

Karani wa shule aliinua macho kutoka kwenye mashine yake.

"Bibi, wauza mboga wanapita mlango wa jikoni."

"Siuzi mboga, mwanangu. Nimekuja kwa mwalimu mkuu."

"Kaa hapo basi."

Pale aliposema kaa hapo palikuwa na benchi la watu wawili. Mama Kidoti akakaa, Kidoti akapakatwa, Bibi akasimama, mkono ukutani. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu. Mama Kidoti alikuwa anaangalia simu kila dakika, na kila akiiangalia Bibi aliinama sikioni mwa mtoto akanong'ona, "Nisamehe, mwalimu, sitarudia tena," na Kidoti akanong'ona vilevile. Karani akawatazama, akaguna.

Walipoitwa, mwalimu mkuu alikuwa nyuma ya meza kubwa, mwanamume mwenye macho ya usingizi na shati lililokosa kifungo cha pili. Kando yake alisimama mwalimu wa darasa la kwanza, binti mdogo tu, kalamu imechomekwa nyweleni. Hakuwatazama usoni.

"Mzazi, mimi sina ugomvi na mtoto," mwalimu mkuu akaanza walipokwisha kukaa vitini. "Lakini mkaguzi ameandika ripoti yake, na ameniuliza nimechukua hatua gani. Mtu mzima kageuzwa kichekesho mbele ya watoto hamsini. Sasa mimi nijibu nini?"

"Ameandaa la kusema, mwalimu," akasema Mama Kidoti kwa haraka. "Mtoto mwenyewe."

"Vizuri." Mwalimu mkuu akajisogeza mbele. "Haya, una la kusema?"

Kidoti akamtazama machoni.

"Haya, una la kusema?" akasema, na alijisogeza mbele pia.

Hapo ndipo Bibi alipoona, kama mtu anavyoona shimo akiwa tayari ameshalikanyaga. Walimfundisha mtoto jibu, nao walimwachia mwalimu aulize.

"Kidoti," akamwita, sauti ikimtetemeka. "Nisamehe, mwalimu, sitarudia tena."

"Nisamehe, mwalimu, sitarudia tena," akasema Kidoti kwa sauti ya kikongwe inayotetemeka.

Mwalimu mkuu akaegemea kiti. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Bibi, mmemfundisha kama wimbo," akasema. "Na sasa amekugeza hata wewe, mbele yangu." Akasukuma karatasi mezani, akaweka kalamu juu yake. "Tia sahihi hapa, mzazi. Mtafutieni mahali pengine pa kumfaa."

"Pengine wapi?" akauliza Mama Kidoti. "Nani atampokea na neno hilo?"

"Hilo si langu."

Mama Kidoti akaichukua kalamu. Alikuwa amezoea kuambiwa mabaya na watu asiowaona, kutwa nzima sikioni, akajibu kwa adabu na hata chozi moja lisitoke. Lakini kalamu ilipogusa karatasi mkono ukagoma. Akalia. Hakulia kwa kelele, alilia kama maji yanavyopita chini ya mlango, na kalamu imebaki imesimama pale pale.

Kidoti akashuka kutoka kwenye kiti. Akaenda akasimama mbele ya magoti ya mama yake. Akaweka kiganja kimoja juu ya goti, kingine juu ya goti la pili, akasema taratibu, kwa sauti ambayo Bibi hakuwahi kuisikia:

"Lia tu kidogo. Hata mimi hulia. Ukimaliza tutanawa uso, halafu tutarudi ndani pamoja, mtu hatajua."

Bibi akashtuka. Maneno yote ya mtoto huyu aliyajua yalikotoka, lakini haya hakuyajua. Si yake, si ya Mama Kidoti, si ya mtaani.

"Mnaona?" akasema mwalimu mkuu. "Hata sasa anaendelea. Sijui huyu ni nani tena anamgeza."

"Ni mimi," akasema mwalimu wa darasa.

Wote wakamgeukia. Alikuwa ameshika meza.

"Hayo ni maneno yangu, mwalimu mkuu. Wiki ya kwanza ya muhula. Kuna mtoto alijikojolea darasani, nikamtoa nje mpaka bombani. Nilidhani tuko wawili tu. Kidoti alikuwa bombani anakunywa maji. Hata sikumjali."

"Sasa kama ni yako, si ndiyo kukudhihaki?"

"Hapana." Binti yule akatikisa kichwa, akatikisa tena. "Siku nzima nasema maneno mangapi mle darasani? Nafoka, nanyamazisha, nina watoto hamsini. Angetaka kunidhihaki angekuwa na mengi ya kuchagua. Amechukua hili moja, akalitunza miezi miwili, akalitoa leo kwa mtu anayelia. Hata mimi nilikuwa nimesahau kama niliwahi kulisema."

Akapiga magoti, sketi yake safi juu ya sakafu ile, akawa sawa na kimo cha Kidoti. Mtoto hakumtazama. Alikuwa bado na mikono juu ya magoti ya mama yake, anasubiri amalize kulia.

"Kuna jambo jingine," mwalimu akasema, sasa akimwelekea Bibi. "Kila siku karibu na saa tano huja mezani kwangu akasema, 'Kengele imelia, tokeni mmojammoja.' Na mimi namwambia kengele haijalia, acha kunigeza, kakae. Bibi, huwa anataka nini?"

"Anataka kwenda chooni, mama," akasema Bibi. "Si kengele ikilia ndipo mnawaruhusu?"

Mwalimu akaweka mkono mdomoni.

Basi hapo Bibi akasema. Hakuwa msemaji wa maofisini, lakini lilikuwa jambo analolijua kuliko wote mle ndani, na mtu akisema analolijua hata sauti hukaa sawa. Akaeleza juu ya maji na kikombe, juu ya taa zikizimika. Akaeleza kwamba mtoto akisema "Mvua hii itakausha nini?" maana yake ana baridi, kwa sababu Bibi husema hivyo akianua nguo, na Kidoti siku hizo hufunikwa blanketi. Mwalimu wa darasa alichomoa kalamu nyweleni, akawa anaandika kwenye kiganja chake. Mwalimu mkuu alisikiliza, macho ya usingizi yamefunguka kidogo.

"Nimeelewa," akasema mwishowe, akajifuta paji la uso. "Lakini, Bibi, mkaguzi anasubiri jibu. Siwezi kumwandikia kwamba hakuna kilichotokea, wakati aliyetokewa ni yeye. Lazima niandike neno. Niandike nini? Anaiga?"

"Kuiga ni mtu kutaka awe kama mwingine," akasema Bibi. "Huyu hataki kuwa mkaguzi."

Mwalimu mkuu karibu acheke. "Anakariri?"

"Kukariri ni kushika maneno bila kujua ya nini. Huyu ameyajua ya nini, sisi ndio hatujui."

"Basi nipe wewe."

Bibi akafikiri. Alimtazama Kidoti, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

"Kule kazini tuna wimbo wa kukunjia mashuka," akasema. "Shuka kubwa, mmoja huku, mmoja kule. Huyu anaanza wimbo, yule anaupokea kwa maneno yaleyale. Sijawahi kusikia anayepokea akaambiwa ana dharau. Bila yeye wimbo haupo, na shuka halikunjiki. Andika hivyo, mwalimu. Andika anaitikia. Kuanza bado, lakini kuitikia anaitikia."

Mwalimu mkuu alichukua karatasi mpya, akaanza kuandika, akasimama, akaandika tena. Kisha akawasomea. Alikuwa ameandika kwamba mtoto huyu husema kwa kuitikia maneno ya wengine, hana nia ya kumvunjia mtu heshima, mwalimu wake ameanza kumwelewa, na shule inaomba abaki mpaka mwisho wa mwaka, atazamwe.

"Siwezi kuahidi atakubali," akasema. "Ana cheo kunizidi. Lakini jina langu litakuwa chini ya neno hili, si chini ya lile." Akaichana ile ya kwanza mara mbili. "Na akija tena darasani?"

"Akija tena," akasema Bibi, "tutamwomba akohoe huko huko nje."

Mwalimu wa darasa ndiye aliyeanza. Aliziba mdomo, lakini kicheko kilimponyoka puani, kikampata mwalimu mkuu, na hata Mama Kidoti, macho bado mekundu, akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja. Kidoti akamtazama uso, akaona kilio kimekwisha. Akaondoa mikono magotini.

*

Walimrudisha nyumbani siku hiyo, kwa kuwa mwalimu alisema apumzike, kesho arudi mapema akae kiti cha mbele. Ruhusa ya Mama Kidoti ilikuwa imekwisha zamani. Simu ililia mkobani, akaitazama, akaandika kwamba anakuja, akairudisha. Lakini hakukata kona ya kwenda kazini. Alitembea nao.

Baada ya maduka barabara inapanda, kilima kifupi chenye mawe. Mchana wa siku zote huwa ni Bibi na Kidoti tu wanaopita pale, kwa sababu Mama Kidoti hutoka mtoto amelala na kurudi jioni. Walipofika chini ya kilima Kidoti akasimama. Akawatazama wote wawili, akasema kwa sauti ya Bibi, na ule mvuto mwishoni:

"Miguu imechoka, eeh? Haya, panda mgongoni twende."

Bibi akaanza kuinama. Kiuno kilimlia, lakini alishazoea. Ndipo akahisi mkono wa bintiye begani.

"Ngoja, mama."

Mama Kidoti akavua viatu vyake vya kisigino, akampa Bibi. Akamvua Kidoti vya shule, akampa Bibi navyo. Akachuchumaa mawe yakimchoma nyayo, akageuza uso kumtazama mwanawe, akasema:

"Miguu imechoka, eeh? Haya, panda mgongoni twende."

Kidoti akatulia kabisa. Tangu aanze kusema alikuwa amewarudishia watu maneno yao asubuhi na jioni, mtaa mzima, lakini hata siku moja hakuna aliyemrudishia yeye. Macho yakamtoka. Akasema tena, polepole, kama anayejaribu maji kwa kidole.

"Miguu imechoka, eeh?"

"Miguu imechoka, eeh?" akajibu mama yake, na hata mvuto wa mwishoni akauweka.

Mtoto akaangua kicheko, kicheko chake mwenyewe, ambacho hakukipata kwa mtu. Akamrukia mgongoni, akamkumbatia shingo. Wakaanza kupanda, huyu anasema, yule anapokea, huyu anasema, yule anapokea, na Bibi akabaki nyuma, viatu vya watu wawili mkononi, akisikiliza maneno yake yakipanda kilima.